Kihisi Kilichosoma Maji Kinyume: Kisa cha Mwalo Mmoja wa Ghuba ya Mwanza

Majina ya watu, mwalo na taasisi yameondolewa. Mpangilio wa matukio ni uleule, na makosa yameachwa jinsi yalivyofanyika, likiwemo langu ambalo ningependa lingekuwa la mtu mwingine.

## Usuli

Mwalo wenyewe nauita Mwalo A. Uko upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, ng'ambo ya maji kutoka mjini. Alfajiri mitumbwi ya dagaa inarudi na taa zake, kina mama wanaanika mchangani na juu ya vichanja, watoto wanaoga, vyombo vinasuguliwa, na hatua chache pembeni ndoo za maji ya kunywa zinajazwa. Yote hayo kwenye ukingo mmoja.

Jua likiwaka siku kadhaa na ziwa likatulia, upepo mdogo husukuma utando wa kijani hadi ufukweni, mzito kama rangi ya kupaka ukuta. Wenyeji huyaita maji ya kijani, basi. Ni sianobakteria, viumbe vidogo vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, na jamii ya Microcystis ni mwenyeji wa ghuba hii. Baadhi yao hutengeneza mikrosistini, sumu ya ini. Kuchemsha maji hakuiondoi. Tena kuchemsha hupasua seli, na sumu iliyokuwa ndani ikamwagika ndani ya sufuria. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine walikufa kwa sababu maji ya mashine yalikuwa na sumu ya aina hii. Kwa Ghuba ya Mwanza, kuwepo kwa mikrosistini kulikwisha kuchapishwa na watafiti mwaka 2005, kwa hiyo hatukuwa tunatafuta jini lisilojulikana.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa ya kila siku maisha yote, 12 kwa kunywa kwa muda mfupi, na 24 kwa maji ya kuogelea. Namba hizi tatu zizingatiwe, zitarudi.

Kipimo cha kawaida ni ELISA, ile sahani yenye vishimo 96. Ni kizuri, lakini vitendanishi huagizwa nje, husafiri katika baridi, na kufungua sahani nzima kwa sampuli nne ni sawa na kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mchuzi wa mtu mmoja. Sisi tulitaka kijiti: unadondosha maji, unachomeka kwenye simu, unasoma. Kama kile cha kupimia sukari.

Mwenyekiti wa BMU ya pale, kikundi cha wenyeji cha kusimamia mwalo, ndiye aliyelianzisha jambo. Alikuja ofisini kwetu siku moja, akasalimia, akakaa, akasema, "Dokta, ukijani tunauona wenyewe kwa macho. Tunachotaka kwenu ni kimoja: lini yanadhuru na lini hayadhuru." Kiongozi wetu wa mradi akamjibu, "Mzee wangu, ndicho hasa tunachokitengeneza." Hakusema uongo. Alikuwa tu hajajua ni kwa miezi mingapi.

## Tulichotengeneza

Elektrodi zetu zilikuwa za kuchapishwa: kipande cha plastiki chenye mistari mitatu, ya kazi na ya ukamilisho kwa wino wa kaboni, ya rejea, yaani ya kulinganishia volti, kwa fedha na kloridi ya fedha. Juu ya elektrodi ya kazi tuliweka grafini, kaboni yenye unene wa atomu moja. Geim na Novoselov waliitenga Manchester mwaka 2004 kwa kubandua grafiti, kaboni ya aina iliyomo kwenye penseli, kwa utepe wa gundi, wakapata Nobel mwaka 2010. Yetu haikutoka kwenye utepe. Ilikuwa oksidi ya grafini tuliyoiondolea oksijeni, ambayo ni binamu yake mchafu kidogo.

Juu ya grafini tukapanda nanochembe, yaani chembe ndogo mno, za dhahabu kwa njia ya Turkevich ya mwaka 1951. Unachemsha chumvi ya dhahabu, unatia sitrati, unakaa kuangalia rangi. Ikitulia kwenye wekundu wa juisi ya rozela, una chembe za kama nanomita 15 hadi 20. Ikienda zambarau, zimeshikana, mwaga uanze upya. Mwisho kingamwili za mikrosistini zilifungwa kwenye dhahabu kupitia molekuli fupi zenye salfa, kwa kuwa salfa na dhahabu hawaachani kirahisi.

Kusoma kulikuwa hivi: ndani ya tone kuna ferosianidi na ferisianidi, chumvi mbili za chuma zinazopeana elektroni na elektrodi, na mkondo wao ndio tunaoupima. Sumu ikinaswa na kingamwili inaziba njia kidogo, mkondo unashuka. Mkondo ukishuka sana, sumu ni nyingi. Sentensi hiyo ya mwisho ilikaa ukutani mwa maabara yetu kwa miezi minne, na hakuna aliyeiuliza kama kinyume chake pia ni kweli.

Ndani ya bafa ya maabara, yaani maji safi yenye chumvi na pH iliyopangwa, kalibrasheni ilinyooka kama uzi wa fundi mwashi. R ya mraba, ambayo ni 1 nukta zote zikikaa juu ya mstari, ilikuwa 0.99, na tuliweza kusoma chini kabisa ya mikrogramu 1 kwa lita. Hiyo 0.99 ilitulevya. Tukapiga picha.

## Safari ya kwanza: elektrodi "zilizokufa"

Februari tulikwenda Mwalo A na kipimaji cha mkononi kinachochomekwa kwenye simu. Ili kuokoa muda, mimi nilipendekeza turuke hatua moja: badala ya kuloweka elektrodi katika sampuli, kuisuuza, kisha kuisomea ndani ya mchanganyiko wetu wenye kloridi ya potasiamu, tuyeyushe zile chumvi za chuma moja kwa moja ndani ya maji ya ziwa na kusoma papo hapo.

Kilele cha mkondo hakikutokea. Mchoro ulikuwa kilima kipana kilichosogea upande, elektrodi baada ya elektrodi. Tukazitupa ishirini tukidhani joto la ndani ya gari limeziua. Nazo hazikuwa rahisi kutengeneza.

Fundi wetu wa maabara, dada mwenye miaka mingi kazini kuliko sisi wengine wote tukijumlishwa, ndiye aliyetumbukiza kipima upitishaji umeme ndani ya ndoo. Kikasoma karibu mikrosimensi 100 kwa sentimita, na hivyo ndivyo Ziwa Victoria lilivyo. Maji yake ni mepesi, hayana chumvi nyingi. Kloridi ya potasiamu ya mola 0.1 tuliyokuwa tukiitumia maabara hupitisha takriban mikrosimensi 12,900. Tofauti ya zaidi ya mara mia. Umeme ulikuwa unahangaika kuvuka maji kabla hata haujafika kwenye elektrodi.

Na lilikuwepo la pili. Elektrodi ya rejea ya fedha na kloridi ya fedha hutegemea kiasi cha kloridi kinachoizunguka: kloridi ikipungua mara kumi, rejea huhama kwa takriban milivolti 59. Ziwani kloridi ni kidogo mno ukilinganisha na bafa, kwa hiyo rejea yetu ilikuwa imehama na kilele kikatoka nje ya dirisha la volti tulilokuwa tunachungulia. Elektrodi zilikuwa hai, sisi tulikuwa tunapiga mlango wa jirani.

Tukarudi kwenye utaratibu mrefu. Tangu siku hiyo kila sampuli iliongezwa bafa nzito: sehemu tisa za maji ya ziwa, moja ya bafa yenye nguvu mara kumi. Tatizo hilo likaisha.

## Safari ya pili: maji ya udongo yanapiga kelele

Mwishoni mwa Machi masika yalikuwa yameshika. Maji ya Mwalo A yalikuwa ya kahawia, yamejaa udongo na majani yaliyooza kutoka kwenye vijito. Hakuna kijani hata kidogo. Kihisi kikasoma 9.

Mikrogramu 9 kwa lita, mara tisa ya kikomo cha maisha. Kiongozi akataka ampigie mwenyekiti simu usiku uleule. Tulibishana ndani ya gari hadi kivukoni. Hoja yake ilikuwa ya kiungwana: ukijua maji yana sumu ukanyamaza, ni wewe uliyemnywesha mtu. Hoja ya dada wa maabara ilikuwa fupi: "Sumu ya kijani kwenye maji yasiyo na kijani? Mimi bado sijaiona." Tukakubaliana kusubiri.

Kilichookoa kisa kizima ni jambo alilokuwa akilifanya bila sisi kumtuma. Kila sampuli alikuwa akiigawa: nusu ya kihisi, nusu kwenye chupa ndogo ya kioo, anaiandika namba na kuigandisha. Kiongozi aliwahi kumlalamikia kwamba friza imejaa chupa zake mpaka hakuna pa kuweka kingamwili. Akajibu kwa heshima zote kwamba kingamwili hazigandishwi ovyo hata hivyo, zinatakiwa jirani, kwenye friji. Chupa zikabaki.

## Safari ya tatu: maji ya kijani yananyamaza

Oktoba, kabla vuli haijashika, jua kali siku nyingi, ziwa limetulia kama kioo. Mwenyekiti akapiga simu: njooni. Tulipofika utando ulikuwa mzito kiasi kwamba kasia likipita linaacha njia.

Tukachota. Maji yalikuwa mazito mno kwa elektrodi, tukayapitisha kwenye chujio la mikromita 0.45, yakatoka maangavu, tukayaweka kwenye mirija ya plastiki, tukaendelea na utaratibu. Kihisi kikasoma 0.6. Tukarudia. 0.5. Chini ya kikomo.

Kina mama wawili walikuwa wamesimama na ndoo, na mwenyekiti pembeni yao.

"Vipi, mwanangu?" akaniuliza.

"Leo hayana shida, mzee."

Mimi ndiye niliyesema. Hakuna aliyenilazimisha, na hakukuwa na mkutano wala karatasi. Nilikuwa na namba kwenye simu, jua linachoma, na mzee ananitazama. Mama mmoja akajaza ndoo, akaondoka. Wa pili, mtu mzima, akanitazama mimi, akayatazama maji, akasema, "Ahsante mwanangu, lakini macho yangu yamekataa." Akaenda zake kwenye shimo alilochimba mchangani hatua kama kumi kutoka ukingoni, maji yanajichuja taratibu na kujaa, akachota humo kwa kata.

Wiki tatu baadaye yakarudi majibu ya ELISA ya zile chupa za kioo, zilizokuwa zimepelekwa maabara nyingine katika mji mwingine. Sampuli ya Machi, ya maji ya udongo: mikrosistini haikuonekana. Sampuli ya Oktoba, ya utando wa kijani: juu ya 12, karibu na 20.

Kihisi chetu kilikuwa kimesoma ziwa kichwa chini miguu juu.

## Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilifanyika siku hiyohiyo: kwenda Mwalo A kufuta neno langu. Kiongozi alitaka tuandike barua kwanza. Nikamwomba twende kwa miguu yetu, kwa sababu neno lililotoka kinywani kwangu lilipaswa kurudishwa na kinywa hichohicho. Nilimkuta mwenyekiti akitengeneza nyavu.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukosoa maneno yangu ya mwezi uliopita."

"Marahaba. Ya maji?"

"Ya maji. Yalikuwa na sumu. Kipimo chetu kilikosea, na mimi nikakisemea."

Alishona tundu mbili tatu bila kusema kitu. "Kuna watoto waliharisha," akasema. "Siwezi kukwambia ni maji hayo au ni mengine, hapa watoto wanaharisha kila mwezi. Lakini mtu akiniuliza mimi niliambiwa nini, nitasema nilichoambiwa."

Hatukujaribu kujitetea kwa kuharisha kwenyewe, ingawa ni kweli mwaloni kuna sababu nyingi za tumbo. Tuliweka rekodi kama ilivyo.

Uamuzi wa pili: kusimamisha kusoma namba mbele ya watu. Data zote zilikaa kwetu hadi zipite udhibiti.

Wa tatu, uliotugawa, ulikuwa kama tuachane na grafini. Mwanafunzi wetu wa uzamili alikuwa ameandika nusu ya tasnifu yake juu ya grafini hiyo. Tulimpa wiki mbili athibitishe kwamba siyo mkosaji. Akathibitisha kinyume chake, na kwa uaminifu ambao watafiti wakubwa huukosa akaja mwenyewe na michoro.

## Matokeo

Kihisi kilichotoka baada ya miezi mingine mitano kina elektrodi mbili za kazi kwenye kijiti kimoja: ya kwanza ina kingamwili ya mikrosistini, ya pili ina kingamwili isiyohusika na sumu hii hata kidogo. Kinachosomwa ni tofauti kati yao. Grafini imepunguzwa na sehemu zilizo wazi zimezibwa kwa protini. Sampuli haichujwi kwanza. Inagandishwa na kuyeyushwa mara tatu ili seli zipasuke, kisha ndiyo inachujwa, na yote hufanyika kwenye kioo. Nusu ya kila sampuli huongezwa kiasi cha sumu kinachojulikana, tuone kama kihisi kinakiona; kikiona chini ya asilimia 80 au juu ya 120 ya kile tulichoweka, namba hiyo haitoki nje ya chumba.

Tulirudia chupa za akiba. Zile za maji ya udongo zilisoma karibu na sifuri. Za kijani zilikaa jirani na ELISA, si sawasawa, lakini upande uleule wa kikomo.

Gharama yake ni muda. Kipimo cha dakika ishirini sasa kinachukua zaidi ya nusu siku, na kinahitaji friza, na friza inahitaji umeme. Kijiti tulichokiahidi mwaloni kimehamia maabara. Sikulificha hilo kwenye ripoti na silifichi hapa.

## Uchambuzi

Nianze na maji ya udongo, kwa kuwa hapo ndipo nanomateria zilipotugeuka. Watu husifia grafini kwa eneo lake: gramu moja ikitandazwa ingefunika zaidi ya theluthi ya uwanja wa mpira. Ni kweli, na ndiyo maana mkondo wetu ulikuwa mkubwa ndani ya bafa. Lakini eneo kubwa halichagui mgeni. Maji ya masika hubeba humasi, mabaki ya majani yaliyooza, yenye pete za kaboni bapa. Grafini nayo ni pete za kaboni bapa. Zinalaliana kama karata juu ya karata. Mwanafunzi wetu aliloweka elektrodi tupu, zisizo na kingamwili yoyote, ndani ya maji ya kahawia yasiyo na sumu: zile za kaboni pekee zilipoteza mkondo kidogo, zile zenye grafini nyingi zilipoteza karibu nusu. Kwa kihisi ambacho kushuka kwa mkondo ndiyo lugha yake ya kusema "sumu", uchafu wowote unaojibandika unatamka neno hilohilo.

Udhaifu huo ulianzia kwenye muundo, kabla ya grafini. Molekuli ya mikrosistini-LR, mojawapo ya aina za sumu hii, ina uzito wa kama 995. Kingamwili ina kama 150,000. Tulitegemea kivuli cha nzi juu ya tembo. Kwa shabaha ndogo kiasi hiki, wengi hutumia muundo wa mashindano, ambapo sumu iliyomo kwenye sampuli inagombania kingamwili na sumu iliyobandikwa kwenye elektrodi, na kinachobandika au kisichobandika ni ile kingamwili kubwa. Tulichagua muundo wa moja kwa moja kwa sababu una hatua chache. Uchache wa hatua ulitupendeza sana kwenye kuandika maombi ya fedha.

Hapa mfano wa kipimo cha sukari ulitupotosha kuliko tulivyodhani. Clark na Lyons walipoeleza elektrodi ya kimeng'enya mwaka 1962, na vijiti vya sukari vinavyosomwa kwa umeme vilipoingia sokoni miaka ya 1980, wote walikuwa na bahati ya maji yasiyobadilika. Damu ya mtu wa Nyegezi, mjini Mwanza, na ya mtu wa London zina chumvi ileile na pH ileile ya karibu 7.4, na sukari ndani yake ni kama milimola 5 kwa lita. Mikrosistini kwenye kikomo cha mikrogramu 1 ni kama nanomola 1. Hiyo ni tofauti ya mara milioni tano. Ziwa nalo halina nidhamu ya damu: utando wa kijani mchana hunyonya kaboni dioksidi hadi pH ikapita 9, masika huleta humasi, chumvi ni haba. Sisi tulikuwa tumekopa umbo la kijiti bila kukopa damu.

Sasa maji ya kijani, ambako kosa ni la kusikitisha zaidi maana halihusu nanoteknolojia hata chembe. Seli za Microcystis zikiwa hai huihifadhi sumu yake ndani. Sisi tuliziondoa seli kwa chujio la mikromita 0.45, tukapima maji yaliyobaki. Tulitupa sumu kwenye karatasi ya chujio, tukaiweka karatasi kwenye mfuko wa taka, tukasoma 0.6. Na hata hiyo kidogo iliyokuwa imeyeyuka, sehemu yake ilijibandika kwenye kuta za mirija ya plastiki, kwani mikrosistini hupenda polipropilini, plastiki ya mirija hiyo. Ndiyo maana chupa za kioo za dada yetu zilikuwa na jibu na mirija yetu haikuwa nalo.

Nimelifikiria sana shimo la yule mama. Mchanga wa ufukweni ni chujio: unazuia seli, unapitisha maji. Sampuli yetu iliyochujwa ilifanana na maji ya shimo lake, nami nilikuwa nayasemea maji ya ndoo ya mwenzake. Laiti ningeuliza "watu hapa wanakunywa maji gani hasa?" kabla ya kuchomeka simu, ningeona kwamba kuna maji mawili pale, na kwamba nimepima moja na kujibu kuhusu jingine. Hii haina maana kwamba shimo ni salama. Seli zikifa, sumu huyeyuka, na iliyoyeyuka hupita mchangani kwa urahisi kuliko seli. Tulimwambia hivyo. Alisema anajua, maji yakianza kunuka huwa anaacha hata shimo.

Yaliyofanya kazi ni machache na hayana mvuto wa kuandikiwa makala ya jarida. Chupa za akiba kwenye kioo. Mabishano ya ndani ya gari, ambayo yalizuia simu ya Machi na tahadhari ya uongo ambayo ingewafanya watu wasituamini Oktoba (ingawa, kwa jinsi Oktoba ilivyokwenda, labda ingekuwa heri). Kipima upitishaji umeme cha bei ndogo. Kumruhusu mwanafunzi aue mada yake mwenyewe.

Na kilichoshindwa kabla ya kemia yote ni mpangilio wa nani anasema nini na lini. Hatukuwahi kuandika kanuni ya kutoa majibu kwa sababu tuliona ni mapema mno, kihisi bado kinajaribiwa. Lakini mtu aliyesimama na ndoo hana habari za majaribio. Kwake, ukishachomeka waya kwenye maji na kutazama skrini, umeshapima.

## Yaliyobaki wazi

Elektrodi za kundi la nne bado zinatusumbua. Zilitengenezwa na dhahabu iliyotoka na wekundu uliofifia, karibu tuimwage, na ndizo zilizosumbuliwa kidogo zaidi na humasi. Tumejaribu mara tatu kuurudia wekundu ule na hatujaupata.

Swali la mwenyekiti nalo halijajibiwa kwa jinsi alivyolitaka, papo hapo na ufukweni. Yeye amejipangia lake: kijani kikionekana, anafunga kitambaa chekundu kwenye mti wa mwalo, na siku hiyo hakuna kuchota wala kuogesha watoto. Sisi tukiona kitambaa katika picha anazotutumia kwa simu, ndipo tunavuka na chupa.

Mara ya mwisho tulirudi na majibu baada ya siku mbili, chini ya 1 mara tatu, udhibiti wote ukiwa sawa, ELISA ikikubali. Inawezekana kabisa, si kila ukoo wa Microcystis hutengeneza sumu. Utando ulikuwa bado upo. Nikamwonyesha karatasi, nikamweleza kila mstari, na safari hii nikasema pia kwamba ni ya maji ya juzi. Akaisoma hadi mwisho, akaikunja, akaitia mfukoni, akautazama ukingo. Kitambaa akakiacha palepale.